Maua ya Kumpa Mjane

Jumatatu, 3 Machi

Masika yameanza leo, na mteja wa kwanza kuingia dukani yalikuwa maji, kwa kupitia chini ya mlango. Nimeshinda na tambara mkononi kama niliyeajiriwa kukausha barabara. Shajara hii nimepewa na mdogo wangu, muuguzi katika hospitali iliyo ng'ambo ya duka langu la maua. Anasema niandike hasira zangu humu ndani badala ya kuwamwagia wateja.

Wateja wenyewe hawanisaidii. Leo kaingia bwana mmoja mwenye suti, kanyoosha kidole kwenye mayungiyungi meupe, yale makubwa ya mazishi, eti anampelekea mkewe kwa siku yake ya kuzaliwa.

Nikamwambia, "Kaka, haya ni ya msiba."

"Lakini ndiyo makubwa kuliko yote."

Nikarudia. Akasema mkewe si mtu wa kufuatilia mambo hayo. Basi nimemfungia. Ng'ombe hanyweshwi kwa nguvu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimeuza ua moja, kwa msichana aliyetaka nusu ya bei kwa sababu lilikuwa moja.

Jumatano, 5 Machi

Bwana wa suti karudi. Mkewe kamuuliza anamwombea nini. Nimempa alizeti na ushauri. Alizeti kachukua.

Alhamisi, 6 Machi

Leo kidogo nimefurahi, niandike na hilo nisionekane mchawi.

Kaja mzee mmoja mrefu, kitambaa puani, mafua ya mvua hizi. Kajipangusa viatu mlangoni, jambo ambalo sijaliona tangu nifungue duka. Nikamwamkia, akaitika huku akinitazama mdomoni. Nikadhani nina kitu kwenye meno. Akacheka, akaniomba radhi: alikuwa daktari wa meno, amestaafu, lakini macho yake hayajapata barua ya kustaafu.

"Nataka maua ya kumpa mjane," akasema. "Ambaye hajaomba maua. Na ambaye pengine atakasirika."

Hatimaye mtu mwenye swali la maana! Nikamkalisha kwenye kigoda. Nikamwambia: mekundu hapana, hayo ni kama kubisha hodi kwa teke. Meupe hapana kabisa, hayo alishayaona siku ya kumzika mumewe, utamrudisha makaburini. Yenye harufu kali pia hapana, maana hujui harufu ile itamkumbusha nini. Mpe daisi chache za njano na majani mabichi.

"Kwa nini chache?"

"Maua mengi yanadai jibu. Machache yanasema tu, nimepita."

"Nimepita," akarudia polepole, kama mgonjwa anayejaribu jino jipya. Akashukuru. Akalipa. Akapangusa viatu tena wakati wa kutoka, sijui kwa nini, nje ni tope tupu.

Jumapili, 9 Machi

Kwa mama. Kanipokea kwa lawama: nimekonda, nimechelewa, mume wangu haji kumsalimia. Nikamwambia mume wangu anatengeneza friji, na friji haziharibiki siku za kazi pekee. Akasema hata baba yetu alikuwa fundi seremala lakini Jumapili alikuwa na miguu.

Baba ametutoka mwaka wa nne huu. Bado nikifika pale naangalia kwanza kiti chake.

Alhamisi, 13 Machi

Mzee wa Meno karudi. Mjane hakukasirika. Kayaweka kwenye maji, kasema, "Mbona machache?" Nikamwambia hiyo ni dalili njema, mtu hadai zaidi ya kitu asichokitaka. Nimemfungia kaneshen za rangi ya waridi, zilizofifia. Kitambaa bado puani. Nikamshauri anywe tangawizi.

Jumatatu, 17 Machi

Katibu wa ofisi fulani kataka shada la mazishi ambalo likishatumika linaweza kufanyiwa marekebisho kidogo likatumika kwenye sherehe ya kumuaga bosi. Nimemtazama mpaka akatoka mwenyewe.

Alhamisi, 20 Machi

Nimejikuta namsubiri Mzee wa Meno kama mtu anayesubiri tamthilia. Nikamuuliza huyo mama yukoje.

"Ana maneno makali," akasema, "na meno yake yote ni yake mwenyewe."

"Mlikutana wapi?"

"Kwenye benchi la kliniki ya presha. Alikuwa anamfokea karani. Nikasema, presha ya huyu haipo kwake, ipo kwa karani."

Nimecheka mpaka nikakata utepe vibaya. Leo nimempa waridi, lakini za rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Bado hatujafika kwenye nyekundu. Nikamwambia huyo mama ana bahati, wanaume wa namna hii walishakwisha dukani. Akanitazama, si mdomoni safari hii, akafungua kinywa kama anataka kusema jambo. Kisha kapiga chafya.

Jumapili, 23 Machi

Kwa mama. Kanunua viatu vipya. "Vya kwenda wapi?" Kasema vya kuvaa miguuni. Nikamuuliza kwa nini Alhamisi mchana hapokei simu. Iko kwenye chaji. Kila Alhamisi? Simu ni yake, chaji ni yake.

Mama akizeeka anarudi utotoni, wanasema. Wa kwangu anarudi kwenye ujana, na huo ndio umri wake mbaya zaidi.

Alhamisi, 3 Aprili

Friji ya maua imekufa. Mume wangu, fundi wa friji za mji mzima, kasema ataiangalia wiki ijayo. Ya kinyozi ni hayohayo, nywele zake timtim. Mzee wa Meno kanisaidia kubeba ndoo za maji baridi, na suti yake ya kutokea. Nimempa alizeti bure, akakataa bure.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Kijana kaja kutaka maua ya "samahani, ingawa kosa si langu". Nikamwambia maua ya namna hiyo hayajaota bado.

Jumapili, 13 Aprili

Hili nitaliandika lote.

Nilikwenda kwa mama kama kawaida. Mvua ilikuwa inapiga bati hata tukawa tunaongea kwa ishara. Mama alikuwa jikoni. Nikasikia maji yanadondoka chumba cha nyuma, kile alichokuwa anafanyia baba kazi zake za useremala. Hatukigusi kile chumba. Randa zake zipo rafuni, na misumari aliyokuwa anatundikia misumeno ipo ukutani. Nikachukua beseni nikaingia kukinga maji.

Kwenye misumari ya baba yametundikwa maua. Yamefungwa mafungu, vichwa chini, yanakaushwa. Daisi za njano. Kaneshen zilizofifia. Waridi za rangi ya chai ya maziwa, utepe wake umekatwa upande. Na kwenye meza ya kazi, ndani ya kopo alilokuwa anawekea gundi, alizeti za siku ile ya friji.

Kila fundo nalijua. Nimelifunga mwenyewe kwa vidole hivi.

Nilikaa na lile beseni mpaka maji yakaanza kunidondokea mguuni badala ya ndani yake. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa namfundisha! Mekundu bado, mzee. Machache kwanza, mzee. Nimemtengenezea mtu njia ya kwenda kwa mama yangu, nikaifagia, nikaitandikia na majani mabichi!

Mama akaita, "Unafanya nini huko?"

"Panavuja," nikasema. Nikatoka. Chai sikunywa. Nimemwambia nina kichwa, na sikudanganya.

Jumatatu, 14 Aprili

Kikao nyumbani kwa kaka. Kaka yetu mkubwa tunamwita Mwenyekiti kwa sababu hata chai hainywi bila kufungua na kufunga mkutano. Nimewaeleza yote.

Mwenyekiti kasimama. Kazungumza kuhusu heshima ya marehemu, kuhusu nyumba ya marehemu, kuhusu jina la marehemu, mpaka mke wake akaleta chai nyingine. Kauli yake: ndoa hiyo haitafungwa yeye akiwa hai.

Mdogo wangu kamsikiliza, sare ya kazi bado mwilini. Kisha kasema, "Mama mwenyewe kasemaje?"

Mwenyekiti akakoroga chai yake.

"Yaani mmekaa kumjadili mama, na mama hajui?"

"Wewe unajua nini?" nikamwuliza. "Ulikuwa unajua?"

"Nafanya kazi kliniki ya presha, dada. Ninajua mama yangu presha yake imeshuka. Hilo ndilo ninalojua."

Nikamwambia ni msaliti. Naye kaniambia mimi ni muuza maua ninayetaka watu wote wapendwe isipokuwa mama yangu. Tumeachana vibaya.

Alhamisi, 17 Aprili

Alikuja. Kajipangusa viatu.

"Wiki hii," akasema, "nataka yaseme zaidi kidogo ya nimepita."

"Yaseme nini?"

Kakunja kitambaa chake vizuri, kakirudisha mfukoni. "Yaseme, ningependa kukaa kidogo."

Nilikuwa nimejiandaa kumfukuza. Maneno nilikuwa nayo tangu Jumapili, nimeyanoa. Lakini kwa kile kitambaa na zile adabu zake, mikono ikafanya kazi badala ya mdomo. Ilikwenda moja kwa moja kwenye mayungiyungi meupe. Makubwa, yale ya mazishi. Nikayapanga kama ninavyoyapanga ya juu ya jeneza, nikayafunga kwa utepe mweusi.

Akayatazama. "Meupe?"

"Mambo yamebadilika."

Aligusa ule utepe mweusi. "Wewe ndiye unayejua, mwanangu," akasema. Akavua koti, akayafunika maua, akaingia kwenye mvua yeye mwenyewe kichwa wazi.

Nilisubiri furaha ije. Haikuja. Nimemfokea msichana wa watu aliyekuwa anauliza bei tu.

Ijumaa, 18 Aprili

Asubuhi nilikuwa na mteja, binti wa shule anayetaka maua ya mwalimu wake. Mlango ukafunguliwa. Mama. Amelowa hadi kwenye viatu vile vipya, na mkononi yale mayungiyungi. Kayaweka mezani kati yangu na yule binti.

"Nani amekufa?"

"Mama..."

"Nimeletewa maua ya msiba. Nimekuja kuuliza, nani amekufa? Maana nimejipapasa tangu jana, najiona mzima."

Yule binti akawa anarudi kinyumenyume. Mama akamshika bega. "Usiende, mjukuu wangu. Mpe alizeti mtoto, asichelewe shule." Nikampa. Sikumbuki kama alilipa. Mama akakaa kwenye kigoda, kilekile nilichokuwa namkalisha yule mzee.

"Haya. Nasikiliza."

Nikasema yote. Nikasema umemtundika mwanamume mwingine kwenye misumari ya baba. Nikasema tumekuwa vichekesho, sisi watoto wako. Nikasema mzee yule ni mnafiki, amekuja dukani kwangu wiki hadi wiki kunichota akili. Nililia, nikakasirika kwa sababu ninalia.

Mama alinisubiri nimalize kama anavyosubiri maji yachemke.

"Hajakuchota akili. Nilimtuma mimi."

"Ulimtuma?"

"Alitaka kuja nyumbani, ajitambulishe. Nikamwambia, hapana, nenda kwanza kwa binti yangu, yule mkali. Usimwambie kitu. Nunua maua. Nilitaka umjue kama mteja kabla hujamchukia kama baba wa kambo. Na wewe ulimpenda. Ulikuwa unaniambia mwenyewe Jumapili: mama, kuna mzee anakuja dukani, anajipangusa viatu."

Ni kweli. Nilikuwa namwambia.

"Na misumari ya baba?" nikasema, maana mtu akizama hushika hata unyasi.

Hapo sauti yake ikabadilika. "Wewe unadhani niliyatundika mle kwa kumdharau baba yako? Niliyapeleka kumwonyesha. Mimi na baba yako hatukuwahi kufichana kitu, nianze leo?" Akajifuta uso kwa kiganja, sijui mvua, sijui nini. "Baba yako alikuwa mwanamume wa kuleta mkaa na sukari, na mimi nilimpenda kwa mkaa wake na sukari yake. Hakuniletea ua hata siku moja, wala sikumdai. Sasa mkaa ninao, sukari ninayo, mnaniletea nyinyi. Maua ndiyo sina."

"Mimi nauza maua, mama."

"Unauza. Umewahi kuniletea?"

Nikatazama ndoo zangu. Ninalo duka zima la maua.

Akasimama. "Nimemwambia asije tena, si kwangu, si kwako. Simu msinipigie." Akayaacha yale mayungiyungi juu ya meza na kuondoka. Nilitaka kumfuata na mwavuli. Mwavuli nilikuwa nimeusahau nyumbani.

Alhamisi, 24 Aprili

Hakuja.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekwenda kwa mama. Mlango umefungwa kwa ndani. Redio inaongea, mama haongei.

Alhamisi, 1 Mei

Hakuja. Kila mlango ukilia nanyoosha shingo kama bata. Aliyeingia ni Bwana wa suti. Mkewe sasa anapenda alizeti, anataka kila wiki. Angalau nyumba moja imepona.

Jumamosi, 3 Mei

Mwenyekiti kapiga simu kunipongeza. Kasema nimeokoa heshima ya familia. Kuna sifa ambazo ukipewa na mtu fulani, ndipo unajua umekosea.

Jumapili, 4 Mei

Mdogo wangu kaja na mkate, dalili ya amani. Kasema presha ya mama imepanda tena, na huko kliniki kamfokea daktari, si karani. Nikamuuliza nifanye nini.

"Dada, wewe watu wote wanakuja kukuuliza wapeleke nini wakikosea. Leo unaniuliza mimi ninayechoma sindano?"

Kaniachia anwani ya mzee kwenye karatasi ya mkate.

Jumanne, 6 Mei

Tangu asubuhi nimefunga na kufungua. Waridi za njano: kama namchumbia. Gladiola: kama nampongeza kwa kupandishwa cheo. Daisi: nimepita, lakini mimi sikupita tu, mimi nilimkanyaga. Miaka yote nawaambia watu kila jambo lina ua lake, na hili la kwangu halina. Mwisho nimechukua kila kitu kizuri kilichokuwemo kwenye ndoo, fungu kama la bibi harusi, nikafunga duka mchana kweupe.

Anakaa ghorofa ya juu, ngazi zake zinateleza kwa mvua. Kafungua mlango, kaniona, kaona maua, na kabla sijafungua mdomo kapiga chafya, ya pili, ya tatu, macho yamejaa machozi.

"Yatoe nje, mwanangu," akasema kutoka nyuma ya kitambaa. "Yatoe, nitakufa."

Nikayaweka kwenye ngazi. Akafunga mlango, akaketi kwenye kiti chake cha kazi, kile cha kulaza wagonjwa, kiko sebuleni karibu na dirisha, ndicho anachosomea magazeti. Akapumua.

"Maua yananidhuru tangu nikiwa mtoto," akasema. "Kila Alhamisi nilikuwa nameza kidonge kabla ya kuja kwako. Leo sikujua kama utakuja, sikumeza."

Mimi na tangawizi yangu!

Sasa sina hata ua la kushika. Ikabidi niombe radhi kwa mdomo mtupu, mbele ya mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kutazama midomo. Nikamwambia nilijua nilichokuwa nafanya. Nikamwambia yale yalikuwa maua ya kuzikia.

"Nilijua," akasema. "Ulinifundisha mwenyewe siku ya kwanza."

"Mbona basi uliyapeleka?"

"Nilidhani ni maneno yako kwa mama yako. Mimi nilikuwa natumwa tu. Na mjumbe hauawi."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, jambo baya sana kwa mwanamke wa umri wangu. Akanipa kitambaa kisafi. Akasema hataki kiti cha baba, ana kiti chake, na akapiga mkono wa kile kiti cha wagonjwa. Anachotaka ni mtu wa kubishana naye jioni kabla giza halijaingia, maana tangu mkewe afariki amekuwa akikubaliana na redio.

"Mama amesema nini?" nikauliza.

"Amesema nisirudi mpaka watoto wake wakue."

Watoto wake. Mimi nina binti anayetafuta kazi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemsimulia mama kupitia dirisha la jikoni, mimi nje kwenye mvua, yeye ndani anamenya vitunguu. Hakufungua mlango. Lakini aliposikia habari ya vidonge, kisu kilisimama. "Mjinga," akasema. "Mjinga kabisa yule." Kwa mama yangu, neno hilo si la kila mtu. Kisha akasema niwaite wote Jumapili, na Mwenyekiti aje na ajenda zake.

Jumapili, 11 Mei

Niandike kabla sijasahau, ingawa sitasahau.

Tulikuwa sebuleni kwa mama: mimi, mdogo wangu, Mwenyekiti, na Mzee wa Meno kwenye kiti cha karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Kiti cha baba kilibaki kitupu, wala hakuna aliyekikaribia. Mama alikuwa amevaa vile viatu.

Mwenyekiti kaja shavu moja limevimba kama amebana limau. Hata hivyo kafungua kikao. "Tumekujtana hapa," akasema, maana ulimi haukumtii, "kuhusu suala la ndoa..."

"Ndoa ya nani?" mama akauliza.

"Yako, mama."

"Nani kasema naolewa?"

Tukatazamana. Mwenyekiti kanitazama mimi. Mimi nimemtazama mzee. Mzee ameinua mikono kama aliyekamatwa na askari.

"Mimi niolewe?" mama akasema. "Nimefua soksi za mwanamume miaka arobaini, halafu nianze za mwingine? Yeye ana kwake, mimi nina kwangu. Atakuja Alhamisi, tutakunywa chai, tutabishana, jioni ataenda kwake na soksi zake. Nyinyi mmekaa vikao vingapi kuhusu ndoa hii?"

Nikahesabu kwa vidole. Wiki zote zile! Nimelia, nimegombana na mdogo wangu, nimemfungia mzee wa watu maua ya jeneza, kwa ajili ya harusi ambayo hakuna aliyeipanga isipokuwa sisi wenyewe. Nilitamani kumtikisa mama. Nilitamani kujitikisa mimi.

Mwenyekiti hakukubali kushindwa. Kasimama, kaanza kuhusu heshima ya marehemu, na hapo jino likamchoma, akashika shavu na kuketi tena akiugulia.

Mzee wa Meno akainuka mlangoni. "Tangu lini?"

"Si kitu," Mwenyekiti akasema.

"Fungua."

"Tuko kwenye kikao."

"Fungua mdomo, mwanangu."

Sijui ilikuwa ile sauti au yale maumivu, lakini alifungua. Mdogo wangu akamulika kwa tochi ya simu. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kaka yetu alikaa mbele ya watu mdomo wazi bila kutoa hotuba. Mzee akachungulia, akagonga kwa mpini wa kijiko, akasema ni usaha, kesho asubuhi lazima aende kwa daktari aliye kazini, na barua atamwandikia yeye. Akamtengenezea maji ya chumvi. Mama akamshikia kaka kikombe, kama mtoto.

"Kuna hoja nyingine?" mama akauliza.

Mwenyekiti akatikisa kichwa. Kikao kikafungwa.

Jumanne, 13 Mei

Jino limeng'olewa. Mwenyekiti kanitumia ujumbe: "Yule mzee anajua kazi." Kutoka kwake, hiyo ni hotuba.

Jumatatu, 19 Mei

Jua kwa mara ya kwanza. Friji bado. Mume wangu kasema wiki ijayo. Nimemwambia nitaolewa na daktari wa meno.

Ijumaa, 30 Mei

Masika yamekwisha, barabara inatoa mvuke. Asubuhi mama kaingia dukani. Mzee alibaki ng'ambo ya barabara, kwenye geti la hospitali, mbali na maua yangu. Akanipungia mkono.

Mama kasema anataka mafungu mawili. Moja la mezani kwake, atakapokuja mgeni wake. Jingine la kaburi la baba, wanakwenda huko sasa hivi wote wawili, mzee kaomba akamsalimie.

Nikashika mayungiyungi ya kaburi na waridi za mezani.

"Hapana," mama akasema. "Yafanane."

"Mama, hayawezi kufanana. Hili ni la kaburini, lile ni la mezani kwa mgeni. Ni matukio mawili tofauti kabisa. Mtu akiona atasema sijui kazi yangu."

"Atakayeona ni nani?"

"Mama, kuna utaratibu."

"Utaratibu wa nani? Anayewapenda ni mimi, ni mtu mmoja. Nitagawanyika?"

Nimebishana naye mpaka nikachoka. Nikamweleza tena kuhusu rangi, kuhusu harufu, kuhusu maana. Alisubiri nimalize. Halafu akachagua mwenyewe, waridi nyekundu, zile zilizoiva kabisa, ambazo mimi nilikuwa nimemnyima yule mzee kwa msimu mzima. Nyekundu, za kaburini! Nimesonya mara mbili. Nimefunga mafungu mawili, sawasawa, hata urefu wa utepe nimepima.

Aliyabeba moja kila mkono, la baba akasema ni la kulia, akavuka barabara polepole. Mzee alimpokea lile la baba. Alipiga chafya, lakini hakuliachia.